Baridi ndiyo mvua ya tulipu

Oktoba moja nilimpigia mama simu Tanga nikiwa nimepiga magoti bustanini, simu nimeibana kwa bega, mikono yote udongo. Baada ya shikamoo na marahaba aliuliza ninafanya nini. Nikamwambia ninapanda maua.

"Kumbe na huko mvua za vuli zimeanza?"

"La, Mama. Huku majani yanapukutika. Wiki ijayo huenda jalidi ikaanguka."

Alinyamaza kidogo. "Sasa mwanangu, unapandaje kitu wakati kila kitu kinakufa?"

Swali la mama ndilo linalowakosesha maua wenzetu wengi hapa Leicester. Aprili wanaona vibustani vya majirani vimejaa tulipu nyekundu na njano, wanakwenda dukani Jumamosi ileile kutafuta za kupanda. Wanakuta zilizokwisha kuchanua kwenye vyungu, wanazinunua kwa bei kubwa, na baada ya siku kumi zimekwisha. Tumekulia kwenye kilimo cha kungoja mvua: wingu likijikusanya, jembe linatoka. Tulipu, narjisi, krokasi na hiasinti nazo zina kitu zinachokingoja, nacho ni baridi. Anayetaka maua ya machipuko lazima apande kabla baridi haijaingia, kama mkulima wa kwetu anayepanda kabla mvua hazijashika.

Maua haya hatuyapandi kwa mbegu. Tunapanda tunguu, yaani kitu mfano wa kitunguu maji, chenye ganda kavu nje na matabaka manene ya chakula ndani. Ukitaka kuelewa kazi yake, toa sadaka tunguu moja la tulipu: likate kwa kisu mwezi wa Oktoba, kuanzia kichwani hadi kitakoni. Katikati kabisa utaliona ua lenyewe, dogo kama punje, limeshaumbika tangu kiangazi. Waite watoto waone. Kilichobaki ni shina kurefuka, na shina la tulipu halirefuki vizuri mpaka tunguu lipitie wiki 12 hadi 16 za baridi, chini ya nyuzi 9 hivi za Selisiasi. Lisipoipata, ua hufunguka likiwa limeketi chini kati ya majani, au hukauka ndani bila kutoka.

Sababu iko milimani. Tulipu za porini asili yake ni Asia ya Kati, kwenye miteremko ya Tien Shan na Pamir, ambako kiangazi ni cha joto na ukavu, majira ya baridi ni makali, na theluji ikiyeyuka mimea hupata wiki chache tu za maji na jua la kiasi kabla ya ukame kurudi. Mmea wa mahali kama hapo hujificha ardhini karibu mwaka mzima. Waturuki wa dola ya Uthmaniya waliitukuza tulipu kabla Waholanzi hawajaijua vizuri. Carolus Clusius aliipanda katika bustani ya Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1593, na mwaka uliofuata ikachanua. Tangu hapo Uholanzi imeifanya biashara kubwa, lakini mahitaji yake ni yaleyale ya mlimani: kiangazi kikavu, baridi ndefu, na udongo usiotuamisha maji. Nilipoyajua hayo matatu, mengi niliyokuwa nikiyakariri kwenye pakiti yalianza kuwa na maana.

Nunua mapema, Septemba, wakati maduka ya bustani na hata maduka makubwa ya vyakula yanapoweka matunguu kwenye neti. Yabonyeze. Tunguu zuri ni gumu na zito, kama kitunguu ambacho mama angekubali kukinunua sokoni. Ganda likibanduka si kitu. Likibonyea au likiwa jepesi kama pumba, liache. Ukubwa huandikwa kwa mzingo wa tunguu: kwa tulipu tafuta sentimita 12 au zaidi, maana tunguu dogo huweza kutoa jani tu. Mwishoni mwa Novemba bei hushuka sana, na mimi nimepanda tulipu za bei hiyo mara nyingi zikachanua vizuri, mradi ziwe bado ngumu.

Hapa naomba nisikilizwe. Nyumbani kwetu vitunguu hukaa kwenye neti jikoni, na matunguu ya maua nayo huuzwa kwenye neti. Tunguu la narjisi linafanana na kitunguu kiasi cha kumhadaa mpishi mwenye haraka, na lina sumu iitwayo likorini, inayoleta kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo, na kulipika hakuiondoi. Mwaka 2015 idara ya afya ya umma ya Uingereza iliyaandikia maduka makubwa ikiyataka yasiweke narjisi karibu na mboga, kwa sababu watu walikuwa wakizila kwa makosa. Bibi akija kukutembelea kutoka nyumbani, au mgeni akikusaidia kupika, hawezi kujua. Weka matunguu kwenye mfuko wa karatasi, uandike kwa Kiswahili kwa herufi kubwa, uyahifadhi kibandani au gerejini, mahali pa baridi, pakavu, penye hewa. Usiyaweke pamoja na matunda: tufaha na ndizi zinazoiva hutoa gesi inayoliua ua changa lililo ndani. Unaposhika matunguu ya hiasinti vaa glavu, kwani vumbi lake huwasha mikono sana. Nalo jina hilo lisikutishe wewe uliyekulia Kisumu au Mwanza. Gugu maji la Ziwa Victoria Waingereza huliita hiasinti ya majini, lakini hawana undugu.

Mahali pa kupanda ndipo nilipokosea mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilichagua pembe ya chini ya bustani kwa kuwa udongo wake ulikuwa mweusi na laini, nikadhani ni rutuba. Nilipanda tulipu 40. Machi zilitoka 3. Nilipochimba kuzitafuta nyingine nilikuta ganda tupu na uji unaonuka. Maji yote ya majira ya baridi yalikuwa yakitelemkia pale na kukaa. Udongo wa huku kwetu ni wa mfinyanzi, na mfinyanzi uliolowa wiki nyingi huozesha tunguu lolote.

Kwa hiyo jaribu kwanza. Chimba shimo la kina cha shibiri moja na nusu, lijaze maji, nenda kanywe chai. Ukirudi baada ya saa moja maji yangalipo, tafuta mahali pengine, au inua kitanda kwa udongo na changarawe kifikie sentimita 20 juu ya ardhi. Kutia mchanga kiganja kimoja chini ya kila tunguu, kama wengi wanavyoshauri, hakusaidii sana kwenye mfinyanzi, kwa sababu shimo lote hugeuka bakuli. Afadhali kulima eneo zima na kuchanganya mboji na changarawe ndogo. Kuhusu jua, maua haya si magumu. Chini ya mti unaopukutisha majani panafaa, kwa kuwa Machi na Aprili mti bado uko uchi na jua linapita. Tulipu ndizo zinazodai jua zaidi.

Sasa kina. Kanuni ni mara 3 ya urefu wa tunguu lenyewe. Tunguu la tulipu lenye sentimita 5 linataka shimo la 15, na mimi huenda hadi 20, yaani shibiri pungufu kidogo, kwa sababu likizama vizuri halipati joto la mapema na kindi hapati kazi rahisi. Narjisi 15. Krokasi ni ndogo, sentimita 8 hadi 10 zinatosha. Sehemu iliyochongoka iangalie juu, kitako chenye alama za mizizi kikae chini, kiguse udongo bila uwazi wa hewa. Ukishindwa kujua juu ni wapi, lilaze ubavu. Shina litajipinda lenyewe kutafuta juu. Kati ya tunguu na tunguu acha nafasi ya upana wa matunguu mawili. Rudisha udongo, ukanyage kidogo kwa mguu, mwagilia mara moja ili mizizi ianze, na usimwagilie tena ikiwa mvua ya kawaida inanyesha.

Wala usipange kwa kamba kama mahindi. Mistari ya tulipu hupendeza kwenye mashamba ya Uholanzi kwa sababu ni maelfu. Kibustani cha nyuma ya nyumba kikipangwa mstari wa tulipu 10, huonekana kama meno yenye mapengo. Chimba shimo moja pana, weka 7 au 9 pamoja, nenda hatua tatu, fanya tena. Krokasi zenyewe hupendeza zikirushwa: chukua konzi, zitupe kwenye nyasi, na kila moja uipande ilipoangukia. Zafarani ya pilau na biriani hutoka kwenye krokasi ya aina yake, Crocus sativus, ila hiyo huchanua kabla ya baridi. Zile za machipuko usizichume ukidhani umepata kiungo.

Wakati wa kupanda hutegemea uliko. Hapa Uingereza narjisi na krokasi huingia ardhini Septemba na Oktoba, hiasinti Oktoba. Tulipu nazichelewesha hadi Novemba, udongo ukiwa umepoa, kwani kuna ugonjwa wa kuvu uitwao moto wa tulipu, unaoyafanya majani yaonekane yameungua, nao hupungua nguvu kwenye udongo wa baridi. Aliyeko Minneapolis au Ottawa asithubutu kungoja hivyo; kwake ni katikati ya Septemba hadi Oktoba, ili mizizi ishike kabla ardhi haijaganda. (Ottawa nayo ina sababu yake ya kupenda tulipu: mwaka 1945 Uholanzi iliupelekea mji huo matunguu 100,000 kama shukrani kwa kumhifadhi Juliana, binti wa malkia, wakati wa vita.) Ndugu zetu wa Houston wana tatizo la kinyume, kwamba baridi ya huko haitoshi. Wao hununua mapema, huyaweka matunguu ya tulipu kwenye friji wiki 10 hadi 14 mbali na matunda, kisha hupanda mwishoni mwa Desemba au mwanzoni mwa Januari, wakijua ni maua ya msimu mmoja.

Adui anayefuata ana mkia mzuri. Kindi hufukua tulipu na krokasi siku ileile ulipopanda, maana udongo uliochezewa humwambia kuna kitu. Pilipili ya unga niliijaribu, mvua moja ikaiosha. Kinachofanya kazi ni waya wa kuku wenye matundu ya sentimita 2 na nusu hivi, uliolazwa juu ya matunguu na kufunikwa kwa udongo wa vidole viwili. Machipukizi hupita kwenye matundu bila shida. Okota na maganda yote yaliyodondoka, harufu yake inamwita. Unga wa mifupa, mbolea wanayoipenda wazee wa huku, huvuta mbwa na mbweha nao wakafukua, kwa hiyo siutumii. Aliyechoka na vita hivi apande narjisi tupu: sumu ileile niliyoonya juu yake huwafanya kindi wasiziguse, na huko Marekani hata paa wanaokula tulipu hadi shinani huzipita.

Kama unaishi ghorofani na huna ila kibaraza, tafuta chungu chenye matundu chini na kina kisichopungua sentimita 30. Panga kama mpishi anavyopanga biriani, tabaka juu ya tabaka. Chini kabisa vigae vichache na udongo wa vidole vinne, kisha tulipu. Funika. Juu yake narjisi fupi kama ile iitwayo Tête-à-tête. Funika tena, halafu krokasi, halafu udongo wa mwisho. Krokasi zitatoka Februari au Machi, narjisi zifuate, na tulipu zipenye katikati yake Aprili. Kwenye chungu unaweza kuyasogeza matunguu karibu karibu, mradi yasigusane. Kiache nje majira yote ya baridi. Ukikiingiza sebuleni kwa huruma umekinyima ile baridi yenyewe. Kiangalie tu kisikauke kabisa, na kwa walio kwenye baridi ya Ottawa au Minneapolis, kikae kwenye gereji isiyo na moto, maana huko chungu huganda hadi kitovuni.

Januari, au hata kabla, utaona ncha za kijani zimechomoza, kisha theluji ianguke juu yake. Mwaka wa kwanza nilitoka na blanketi. Mzee jirani yangu aliniona juu ya uzio, akanisihi nilirudishe ndani. Alikuwa sahihi. Majani haya huvumilia theluji, na ua bado liko chini ya udongo salama.

Miaka hii Idi ya baada ya Ramadhani inaangukia Machi, narjisi zikiwa zimeiva. Mimi hukata kitita asubuhi hiyo, nikaweka kwenye jagi mezani karibu na vileja na kaimati. Jina lenyewe watu wa pwani si geni kwao, tumewaita mabinti Nargisi miaka mingi bila kuliona ua lake. Zikae peke yake majini kwanza: narjisi mbichi hutoa ute unaofupisha maisha ya tulipu zikiwekwa jagi moja. Baada ya saa kadhaa unaweza kuzichanganya, bila kuzikata tena.

Maua yakisha ndipo watu wengi huharibu mwaka unaofuata. Ua lililonyauka likate kichwa ili mmea usihangaike na mbegu. Majani yaache. Yatalala, yatakuwa ya manjano, yatachukiza, na mgeni atauliza mbona husafishi bustani. Yaache angalau wiki 6, usiyafunge mafundo wala usiyasuke kama nywele, kwa sababu ni hayo yanayopika chakula cha tunguu na ni kwa chakula hicho ua la mwaka ujao linaumbwa. Mashine ya nyasi izunguke mbali. Mbolea ya maji ya kukuzia nyanya, yenye potasiamu nyingi, ipe mimea mara moja kwa wiki mbili tangu majani yanapotoka hadi yanapoanza kugeuka rangi. Narjisi zinazotoa majani matupu bila ua, mara nyingi ni kwa sababu zilikatwa majani mapema, zilipandwa juu juu, au zimesongamana. Zichimbue majani yakikauka, zitenganishe, uzipande kwa nafasi.

Kuhusu tulipu nisikufiche jambo. Tunguu ulilolipanda hujimaliza likichanua, na mahali pake hukaa watoto kadhaa wadogo. Kwenye kiangazi kikavu cha milimani watoto hao hunenepa; kwenye udongo wa Leicester uliolowa hubaki vibonge vya kutoa jani moja. Kwa hiyo tulipu kubwa za rangi za kifahari zihesabu kama maua ya kununua kila mwaka. Aina zilizo karibu na za porini, kama Tulipa tarda na Tulipa clusiana, ni fupi na hazina makuu, lakini hurudi. Bustani yangu sasa ina hizo nyingi, narjisi zaidi, na tulipu za kifahari 15 tu kwenye chungu cha mlangoni.

Mama aliona picha akataka nimletee. Hili nalo huulizwa kila anayesafiri Desemba. Usibebe. Kwanza mimea huhitaji cheti cha afya na kibali cha kuingizwa; Kenya mwenye jukumu hilo ni KEPHIS, na Tanzania ina mamlaka yake. Pili, joto la Tanga halitaipa tulipu hata usiku mmoja inaoutaka. Hata ukilipitisha tunguu kwenye friji miezi mitatu, ua likitoka kwenye joto lile ni la siku mbili.

Lakini mama tayari analo tunguu lake na hakujua kuwa ni tunguu. Nyuma ya jiko, chini ya mwembe, kila mvua zikianza hutoka shina nene lisilo na jani, na juu yake mpira mwekundu wa nyuzinyuzi mkubwa kuliko ngumi. Ni Scadoxus multiflorus, mmea wa Afrika yenyewe. Nilimwambia asubiri majani yake yanyauke kiangazi, alichimbue, atenganishe machanga yaliyojizalia ubavuni, ayapande kivulini shingo ikiwa usawa wa udongo, asiyamwagilie mpaka mvua, na awakataze wajukuu kuyatia mdomoni kwa kuwa nayo yana sumu. Amepanda saba kuuzunguka mwembe. Vuli iliyopita alinipigia yeye.